Picha Niliyokataa Kuisoma

Katika simu za wakunga wa wilaya ya Rusizi, jina langu halikuandikwa Daktari Mwamini. Liliandikwa Maman Sisomi. Nililipata kwa sababu kila waliponitumia picha mbaya ya ekografi, ile mashine ya kumwona mtoto tumboni, niliwajibu neno hilo moja: sisomi. Mkunga mmoja mgeni alimwuliza mwenzake, kwa huruma kabisa, ilikuwaje hospitali ikaajiri mtu asiyejua kusoma. Sikulikana jina hilo hata mara moja. Sasa nimestaafu, na ninyi wadogo zangu mliobaki kwenye chumba cha picha mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokwenda. Haya, nitaandika. Vyeo nitaviruka, maana havikunifundisha kitu, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa Kamembe. Baba alikuwa fundi cherehani, mama aliuza vitenge sokoni, na nyumbani tuliongea Kiswahili, shuleni Kinyarwanda, na mbele ya mwalimu mkali Kifaransa. Siku yangu ya kwanza katika chumba cha ekografi niliingia na koti jeupe ambalo baba alilishona na kulipiga pasi kwa mkono wake, limesimama kama ubao. Aliyenipokea alikuwa Papa Mushagalusa, daktari wa kabila la Washi aliyekuwa akivuka mpaka kila asubuhi kutoka Bukavu, mfuko wa mikate kwapani. Alinitazama mimi, akalitazama koti.

"Unajua kutumikisha ile mashini?"

"Bado, Papa."

"Muzuri. Basi hautaigusa."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Muda mrefu kazi yangu ikawa kuweka mikono juu ya matumbo ya akina mama na kusema kichwa cha mtoto kiko wapi, mgongo uko wapi, makalio yako wapi. Baada ya hapo ndipo yeye alipopitisha sonde, kile kichwa cha mashine kinachosuguliwa tumboni, na kioo kikatoa hukumu. Nikipatia, alinyamaza. Nikikosea alisema, "Tena." Siku moja nilichoka nikamwuliza mashine ililetwa kwa kazi gani kama mkono unatosha. Akanijibu taratibu, huku akifuta sonde, "Mukono hautoshi, Mwamini. Lakini muntu asiyejua kugusa, mashini itamudanganya kila siku na hatajua."

Tulifanya kazi na tulichokuwa nacho. Ile dawa laini ya kupaka tumboni ili sonde iteleze ilikuwa ikiisha kabla ya mwezi kuisha, na Papa Mushagalusa hakuwa mtu wa kuketi akilaumu. Alinituma unga wa muhogo sokoni, akaupika kwenye mbabula, jiko la makaa, nyuma ya jengo, maji mengi na chumvi kidogo, akauchuja kwa kitambaa safi, akaupoza. Ulifanya kazi vizuri kuliko nilivyotaka kukubali. Shida yake ilikuwa siafu, ambao walikuja kitandani wakiwa wamejipanga vizuri kuliko wagonjwa wetu. Kuna mama aliyepakwa uji ule, akaunusa, akauliza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kula nao wanaletwa saa ngapi.

Papa Mushagalusa alipostaafu alirudi kwao Bukavu, na mimi nikabaki na mashine, na wagonjwa, na ile tabia yake ya kugusa kwanza. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba siku moja sokoni nilijikuta napapasa tikiti maji kutafuta mgongo. Kisha ikaja tiba ya mtandao. Vituo vya afya vya vijijini vilipewa mashine ndogo za ekografi za kuchomekwa kwenye simu, wakunga wakafundishwa kuzitumia, na mimi nikawekwa mbele ya kioo pale Kamembe nisome walichokitazama wao. Mama wa Nzahaha asiteremke na kupanda milima siku nzima kuja kuambiwa mtoto wake ni mzima. Jambo jema, nilisema. Lakini moyoni nilijiona kama fundi cherehani anayeambiwa ampime mteja kwa simu. Mikono yangu ilikuwa Kamembe na tumbo lilikuwa kwingine.

Picha za mwanzo zilikuwa balaa. Wakunga wengine hawakutuma picha kutoka ndani ya mashine. Walikipiga picha kioo chenyewe kwa simu ya pili. Basi naletewa mtoto, na juu ya mtoto dirisha, na juu ya dirisha paji la uso la mkunga. Wanasema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa na mapazia ya vituo vyote vya wilaya. Nilijua nani ana maua na nani ana mistari. Nilijibu: sisomi, funga dirisha. Picha ikija imetiwa giza: sisomi, ongeza mwanga. Ikija moja tu, imekatwa vizuri kama ya pasipoti: sisomi, nataka video, taratibu, tumbo zima. Na video zenyewe zilikuwa na safari zake. Tuko mpakani, simu zetu hushika mtandao wa Kongo bila kuomba ruhusa, na kule bondeni Gikundamvura hata wa Burundi. Mara nyingi nilimngojea mtoto wa Rusizi amalize kutembea nchi za jirani ndipo aingie kwenye kioo changu.

Mnakumbuka wengi wenu kisa cha mapacha wa Nzahaha, lakini mnakisimulia vibaya, kwa hiyo nakiweka sawa. Mkunga alipiga picha ya kichwa upande wa kulia, mtoto akageuka, akapiga kichwa kilekile upande wa kushoto. Kabla sijajibu alikuwa ameshawatangazia ndugu, na bibi wa mama yule alikuwa ameshanunua beseni mbili. Nilikataa kusoma hadi nilipoletewa video ya mfululizo, na humo mlikuwa na mtoto mmoja, mwenye afya na mtundu. Bibi hakuridhika. Alisema wakati anapanda mlima kwenda kituoni walikuwa wawili, na kama sasa ni mmoja, basi yule mwingine amechukuliwa na daktari wa kwenye simu. Alizaliwa mmoja, na mpaka leo ukoo ule unaamini ninaye mtoto wao mmoja.

Hayo ni ya kucheka. Sasa niandike lile lililonifanya niwe mkaidi kwa maisha yangu yote yaliyobaki kazini.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani yenyewe iliangukia katikati ya mvua. Alasiri moja ikaingia video kutoka Gikundamvura. Mkunga wa huko alikuwa Vestine, mwanamke mwangalifu aliyehamishiwa kituo kile si muda mrefu. Mgonjwa wake aliitwa Aziza, mke wa muuza mchele, mimba ya miezi minane. Damu ilikuwa imeanza kumtoka asubuhi, kidogo, bila maumivu yoyote. Ninyi mnajua maneno hayo matatu yakikutana, damu, mimba kubwa, na hakuna maumivu, moyo wa msomaji wa picha hufanyaje.

Kwa msomaji mgeni nieleze tulichokuwa tukikitafuta. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto, kwa kawaida hukaa juu, mbali na mlango wa kizazi. Likikaa juu, damu kidogo yaweza kuwa na sababu nyingi. Mkunga atampima mama kwa vidole, atamlaza, atamtazama. Lakini lipo kondo linaloshuka likalala juu ya mlango wenyewe. Hapo kidole kimoja cha kupima kinaweza kufungua damu ambayo kituo cha kijijini, kisicho na chumba cha upasuaji wala damu ya kuongeza, hakiwezi kuizuia. Mama hufa, na mtoto humfuata.

Katika video ya Vestine kondo lilionekana juu. Zuri, nene, mbali kabisa na mlango. Vestine aliandika chini yake: plasenta iko juu, naomba ruhusa nimupime.

Dokta Eriki, kijana aliyekuwa zamu siku ile, alisimama nyuma ya kiti changu na funguo za gari mkononi, akingoja neno langu. Gari la wagonjwa lililobaki lilikuwa moja. Kinyarwanda kina jina la gari hilo, imbangukiragutabara, jina refu kuliko gari lenyewe. Na kulikuwa na mtu Nzahaha aliyeangukiwa na mti akavunjika paja, naye analia. Gari lingekwenda upande mmoja tu.

"Maman, andika basi," Eriki alisema. "Gari iende Nzahaha."

"Sisomi hii."

"Mukunga anasema iko juu. Picha inasema iko juu. Unataka nani tena aseme?"

"Kibofu."

Alidhani namdhihaki. Lakini kibofu cha mkojo chenye maji ndicho alama yetu. Kwenye kioo hutokea kama dimbwi jeusi, na siku zote kiko upande wa chini wa tumbo, karibu na mlango wa kizazi. Ukikiona, unajua miguu ya mama iko wapi na kichwa chake kiko wapi. Katika video hii hapakuwa na dimbwi. Kibofu kilikuwa kitupu, hakionekani, na mlango wa kizazi sikuuona hata kidogo. Nilikuwa nauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nikampigia Vestine nikamwambia ampe mama maji mengi, tungoje, tupige tena. Alijibu kwa sauti ya chini, "Anakatala kunywa, Dokta. Anafunga."

Nikaomba aniwekee mgonjwa kwenye simu. Nilitumia sauti ninayotumia kwa wanangu.

"Aziza, mwanangu, miye pia nimefunga. Mwenye mimba ameruhusiwa kula. Utalipa siku zingine, hakuna dhambi."

"Najua, Maman. Shehe aliniambiaka. Lakini miye niliahidi." Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu. "Batoto bangu bote ba nyuma hawakufika. Nilimuambia Mungu, huyu akifika Ramadhani akiwa muzima mu tumbo, nitafunga yote, hata siku moja sitaacha. Na amefika. Sasa unataka nimudanganye Mungu saa hii, damu inatoka?"

Kwa kweli nilimkasirikia, na papo hapo nilimpenda. Mimi ni Mwislamu wa Kamembe, najua kujibizana juu ya ruhusa za dini mpaka jua lizame, lakini huyu hakuwa anauliza ruhusa. Alikuwa anashika neno lake, na mtu anayeshika neno lake akiwa na hofu kiasi kile humsukumi kwa hoja. Zilikuwapo njia nyingine za kujaza kibofu, zote za polepole. Eriki alikuwa akitikisa funguo.

"Maman, na ule wa paja?"

"Ngoja."

"Nitamuambia nini?"

"Muambie kuna mukaidi mumoja huku Kamembe."

Nikairudisha video mwanzo. Nikaitazama tena, na tena. Macho yangu yaliniambia kitu kilekile: kondo juu, hakuna wasiwasi. Mara ya mwisho nikaacha kutazama, nikasikiliza. Video ya simu hubeba na sauti, jambo ambalo sisi watu wa picha hulisahau. Mlikuwa na pumzi za Vestine, mvua juu ya bati, na karibu kabisa na simu, tone, tone, tone, maji yakianguka kwenye beseni.

"Vestine, hayo maji yanadondoka wapi?"

"Pale kitanda ilikuwa, Dokta. Bati inavuya. Tulisukuma kitanda mpaka ku ukuta ingine, sasa iko sawa."

"Ukuta uko upande gani wa mama?"

"Kuume."

Katika vituo vyote tulivyowafundisha, mkunga husimama upande wa kuume wa mama. Ndivyo vitanda vilivyopangwa, na ndivyo mikono ilivyozoea. Kitanda kikibanwa ukutani upande huo, mkunga lazima ahamie kushoto. Ni jambo dogo sana, halimo hata kwenye mafunzo. Lakini sonde ina nundu ndogo pembeni, na nundu hiyo lazima ielekee kichwa cha mama. Ikielekea miguu, kioo hugeuka: kilicho juu kinaonekana chini, na kilicho chini kinaonekana juu, na picha inabaki nzuri vilevile, haina hata aibu.

"Vestine, chukua simu ya muntu mwingine. Nipigie video ya mukono wako. Siyo tumbo. Mukono."

"Mukono?"

"Shika sonde sawa vile ulishika, halafu unionyeshe mukono."

Alitii, ingawa nilimsikia akimwambia mtu kwamba Maman Sisomi leo anasoma viganja. Video ikaenda ilikokwenda, Burundi au Kongo, sijui. Nilisimama. Nikaketi. Eriki naye alikuwa ameacha kutikisa funguo. Ilipofunguka niliona mkono wa Vestine wenye glavu, umekunjwa kidogo ili waya usijisokote kwa sababu sasa alisimama upande asiouzoea. Na nundu ya sonde ilikuwa imeelekea miguuni mwa Aziza.

Lile kondo zuri, nene, lililoonekana mbali na mlango, lilikuwa limelala juu ya mlango wenyewe.

"Vestine, umesha kumupima na vidole?"

"Bado, Dokta. Nimevaa glavu, nilikuwa nangoya jibu lako."

"Vua glavu. Usitie kidole. Muntu yeyote hapo asitie kidole. Iko chini, imefunga mulango. Sonde ilikuwa imegeuka."

Nilimsikia akivuta pumzi. Hakujitetea, wala mimi sikumlaumu, maana aliusogeza mkono wake kwa sababu ya bati na mvua. Eriki alikuwa ameshatoka mbio kwenda kumtuma dereva Gikundamvura. Yule wa paja alifungwa ubao mguuni akaletwa na pikapu ya muuza ndizi, kwa uchungu mwingi njia nzima. Alipona, na aliponiona koridoni baadaye alinisalimu bila tabasamu, nami niliona ana haki.

Aziza aliomba simu tena. Safari hii sauti haikuwa tulivu.

"Maman, nitakufa?"

Sijawahi kupenda swali hilo, na kwa mbali ni baya zaidi, kwa sababu huna hata mkono wa kumshika mtu. "Hapana," nilimwambia. "Ukilala umetulia, na hakuna atakayekugusa ndani, gari itakufikisha kwetu. Ulale ubavu wa kushoto. Vestine atakuya na wewe. Miye nakungoya hapa, sitoki."

"Na mayi?"

"Mayi hapana tena. Usikunywe kitu."

"Sasa ndiyo unanikataza."

Barabara ya kupanda kutoka Gikundamvura kwenye mvua mnaijua. Sikuwa na la kufanya ila kungoja, na mimi sijui kungoja na mikono mitupu. Nikaandika ujumbe kwa wakunga wa vituo vyote: kuanzia leo, kila video ianze na mkono ulioshika sonde, na ionekane kichwa cha mama kiko upande gani na miguu upande gani, ndipo picha ifuate. Video isiyo na mkono, sisomi. Nilijua nitalalamikiwa, na nililalamikiwa. Mkuu mmoja alisema nazidisha kazi za watu na kumaliza vifurushi vya mtandao. Nilimjibu kwamba akitaka nisome bila mkono aniandikie hivyo na kutia sahihi. Hakuandika. Miaka iliyofuata nilizijua pete za wakunga wote wa Rusizi, na nani amepaka hina ya harusi, na nani ana kidonda cha kisu cha jikoni. Nundu iliyogeuka niliikuta tena, si mara moja, na sababu ilikuwa kila mara ya kibinadamu: mkono wa kushoto, meza mpya, mama aliyelala kichwa upande wa miguu ili aone mlango wa chumba. Mkiipunguza sheria hii siku moja kwa kuona aibu ya kusumbua watu, mtanisikia.

Gari lilifika jua likielekea kuzama. Walipomshusha Aziza, damu ilikuwa imeongezeka, na pale mlangoni ikaanza kuja kwa nguvu. Sikuwahi kumwona kabla ya hapo. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake, amejifunga mtandio wa kijani, midomo mikavu imepasuka. Vestine alikuwa ameshika mkono wake, naye mwenyewe matope mpaka magotini, maana walishuka kusukuma gari. Wakamwingiza moja kwa moja. Mtaalamu wa usingizi, mzee wa kunung'unika ambaye maisha yake yote amepigana na akina mama wanaokula ugali mlangoni mwa chumba cha upasuaji, aliuliza kama kawaida yake, "Amekula lini?"

"Alfajiri," alijibu Vestine. "Daku. Tangu hapo hata tone."

Mzee yule alisimama, sindano mkononi, akamtazama Aziza kwa heshima ambayo sijawahi kumwona nayo. "Muntu wa kwanza," alisema. "Wa kwanza kabisa ambaye anakuya sawa vile siye tunaomba."

Mimi sina kazi ndani ya chumba kile. Nilibaki nje na Vestine. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa nilifungua kwa tende moja kutoka mfukoni. Vestine ni Mkatoliki. Alikuwa na rozari, nami nilikuwa na yangu ya kusema, na hatukusumbuana. Mlango ulipofunguka alitoka Eriki kwanza. Hakusema kitu kuhusu kondo, lilikuwa pale niliposema. Alisema tu, "Ni mutoto mwanamuke. Mudogo, lakini analia mubaya sana." Nikaketi kwenye benchi nikalia na mimi, wala sifichi.

Walipomtoa Aziza alikuwa macho, uso umepauka, lakini macho yake yakitafuta. Nilisogea. Sijui alinijuaje.

"Ni wewe Maman Sisomi?"

"Ni miye."

"Mutoto?"

"Amewekwa kwenye chumba cha joto. Anagombeza watu wote."

Akafunga macho. Nilidhani amelala, nikageuka kuondoka. Akanishika kitambaa cha koti.

"Jua limesha kuzama?"

"Zamani, mwanangu."

"Basi munipatie mayi."

Muuguzi akatikisa kichwa. Bado, mpaka daktari aruhusu, tumbo limetoka kukatwa sasa hivi. Aziza alimtazama muuguzi, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona anataka kucheka, ila kidonda kikamkataza. Mchana kutwa nilimbembeleza anywe akakataa, na sasa anaomba na sisi ndio tunaomkatalia.

Kama alikuwa bado na saumu baada ya mambo yote yale, waulizwe mashehe. Mimi ni daktari wa picha. Nilikwenda kwenye bomba, nikajaza bakuli, nikachovya pamba safi, nikarudi nayo kitandani. Muuguzi akaangalia kando. Nikaigusisha midomoni mwake. Akasema bismillahi, akainyonya pamba ile mpaka ikakauka, akaomba nyingine.